Hasara ya Pointi 19

Afadhali niseme mwenyewe kabla shemeji zangu hawajalifikisha Sanawari: kwa hesabu za serikali ya Kanada, mimi ni hasara. Sisemi ile hasara anayoitaja mama mkwe akishamaliza kikombe cha pili cha chai. Hiyo nimeizoea. Hii imepigwa kwa tarakimu, ni pointi 19, na aliyeipiga ni kompyuta isiyonijua wala kunidai.

Mke wangu, mama Neema, ni muuguzi mwenye shahada. Mwenzake wa wodini alishahamia Saskatchewan, jina ambalo mara ya kwanza nilidhani ni ugonjwa, na kila akipiga simu ya video anatuonyesha friji. Mshahara hautaji. Anafungua friji, anasogeza simu taratibu kutoka maziwa hadi nyama, anafunga. Asubuhi moja mama Neema akatoka zamu ya usiku, akavua viatu mlangoni, akasema, "Baba Neema, na sisi tuombe."

Nikakubali palepale. Mwanaume wa Kimeru hakatai safari ambayo hajatajiwa nauli.

Kwa asiyejua, Kanada waliacha mambo ya aliyetangulia ndiye anayehudumiwa. Tangu Januari 2015 wana mfumo unaoitwa Express Entry. Unajaza habari zako, unapewa pointi katika 1,200, unatupwa kwenye kapu moja na wahandisi wa India na wahasibu wa Nigeria. Kila baada ya muda wanachora mstari. Walio juu ya mstari wanaitwa, walio chini wanaendelea kukaa kapuni mpaka mwaka uishe, kisha wanajaza upya. Ni mnada wa ng'ombe, ila mnada huu ng'ombe ndiye anayejaza fomu, anamlipa daktari wa kumkagua meno, na anatafuta barua kwa mchungaji wake wa zamani.

Mimi kama kichwa cha nyumba nikakalia kiti cha mwombaji mkuu. Sababu ninazo. Nina stashahada ya miaka miwili ya kuongoza watalii na nusu ya maisha yangu nimeimalizia kwenye Land Cruiser kati ya Tarangire na Serengeti. Tembo akitandaza masikio najua kama anatishia tu au anakuja kweli, na tofauti hiyo imeshaokoa wageni ambao hadi leo hawajui kwamba waliokolewa. Mfumo haukuuliza tembo. Uliuliza umri. Nikaandika 44, ukanipa pointi 5. Kijana wa miaka 29 mwenye mke anapewa 100. Nikifika 45 napata sifuri, kana kwamba mtu wa miaka 45 alishafariki ila ndugu hawajajulishwa.

Mama Neema akaweka zake. Umri 36, pointi 65. Shahada, 112.

"Hebu sogea," akaniambia.

Nikasogea. Hivyo ndivyo nilivyogeuka, kwa maandishi, kuwa "mwenza anayefuatana na mwombaji".

Nilidhani kufuatana ni bure. Kumbe mwanamke wa miaka 36 asiye na mwenza anapewa 72 za umri, mwenye mwenza 65. Shahada bila mume ni 120, pamoja na mume ni 112. Kiingereza cha kiwango cha mama Neema, bila mume ni 92, mume akiwepo 88. Umri ni uleule, cheti ni kilekile, mdomo ni uleule. Saba, nane, nne. Jumlisha mwenyewe. Na mimi hapo sijafanya kosa lolote, nimekaa kwenye kochi.

Lakini Wakanada wana huruma. Mume anaruhusiwa kulipa deni lake kidogokidogo: elimu yake ikithibitishwa anapewa pointi kadhaa, akifanya mtihani wa Kiingereza anapewa nyingine. Na uzoefu wa kazi? Wa mwenza unahesabiwa ule alioupata Kanada tu. Kwa hiyo simba wote wale, sifuri. Nikashika njia kutafuta karatasi.

Nianze na chuo. Mashirika yanayotathmini vyeti, kama WES, hutaka matokeo yatoke chuoni kwenye bahasha iliyofungwa, mhuri ukipita juu ya mfuniko. Chuo changu sitakitaja kwa sababu bado nahitaji bahasha nyingine. Walinipokea vizuri, wakanipa na kiti. Wakaniambia mwenye mhuri yuko semina Dodoma. Niliporudi, mwenye mhuri amerejea, mhuri ameusahau Dodoma. Siku mhuri ulipofika, dada wa masijala akanikabidhi bahasha ikiwa wazi, akitabasamu kama mtu aliyenitendea hisani.

"Nimekuachia hivyo kaka, ukague kama kila kitu kimo."

Nikamweleza kwamba bahasha ikishafika mkononi mwangu ikiwa wazi, kwa Wakanada ni sawa na gazeti la kufungia karanga. Akanionea huruma. Akafungua droo. "Basi gundi hii hapa, funga mwenyewe."

Halafu majina. Cheti changu cha kuzaliwa kinasema Nnko, kwa n mbili, kama ukoo wetu unavyojiandika. Cheti cha kidato cha nne kinasema Nko, kwa sababu mwalimu aliyejaza fomu aliona n moja inatosha. Huku Meru hakuna ambaye angehangaika na jambo hilo, lakini mtu aliyeketi mbele ya kompyuta ng'ambo huko anaona wanaume wawili wanaomgombea mama Neema. Nikaenda kwa wakili, nikalipa, nikaapa kwamba mimi ni mimi. Wakili akanitazama juu ya miwani na kuniuliza kama nina uhakika. Kwa bei ile, nilikuwa nao.

Kiingereza sikukiogopa. Wageni wa Toronto na Vancouver wameniambia miaka nenda rudi kwamba Kiingereza changu ni kizuri ajabu, wengine wameliandika hilo kwenye fomu ya maoni na kubandika bakshishi juu yake. Mtihani wenyewe ni IELTS, alama zinaishia 9, na una sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika, kuongea. Kitabu cha mazoezi kikanitaka nimwandikie mwenye nyumba barua ya maneno 150 kulalamika kwamba kipasha-joto cha chumbani kimeharibika. Mimi nimekulia Tengeru. Kipasha-joto chetu cha mwezi Julai ni jiko la mkaa na koti la marehemu babu. Na mwenye nyumba wa Arusha ukimwandikia barua ya malalamiko, majibu yake ni kodi mpya. Nikaandika barua ya heshima, nikamuulizia na familia yake. Mama Neema akaisahihisha kwa kalamu nyekundu ya wodini, akasema salamu zimekula maneno 90 na kipasha-joto hakijatajwa.

Kwenye kuongea nilijiachia. Sehemu hiyo ni ya dakika 11 hadi 14. Msahihishaji akaniuliza kuhusu mji ninakotoka, nikamtembeza. Nilianza na Mnara wa Saa, nikampitisha kwenye jengo la mikutano la AICC, nikapanda naye Meru, mita 4,562, nikamwonyesha bonde la kreta lilipo, na nadhani mahali fulani nilimwambia atazame upande wake wa kushoto. Muda ukaisha tukiwa kwa twiga wa Momella, chakula cha mchana hatujafika.

Nikapewa 6. Kila sehemu, 6. Mtu niliyewahi kumsimulia mgeni kifo cha mama tembo mpaka akalia kwenye darubini, nimepewa sita.

Hata hivyo sita nne za mwenza ni pointi 12, na stashahada ya miaka miwili ni pointi 7. Kumi na mbili na saba ni kumi na tisa. Soma tena taratibu. Nilikuwa hasara ya 19, nimezunguka vyuo, mawakili na vyumba vya mitihani, nimemaliza akiba ya msimu mzima wa watalii, na sasa nina thamani ya sifuri. Matokeo ya Kiingereza yanadumu miaka miwili, kwa hiyo hata sifuri yenyewe ina tarehe ya kuisha.

Siku tuliyopiga hesabu hiyo alikuwepo shemeji yangu mdogo, mhasibu. Alikuwa anakula loshoro yangu, bakuli langu, kijiko changu.

"Lakini shemeji, mbona kuna njia ya bure?" akasema. "Dada akijaza kwamba mume hafuatani naye, wanampigia hesabu kama hana mume. Zile 19 zinarudi zenyewe. Yaani ukibaki tu Tengeru, umeshafanya mtihani."

Nikamtazama mama Neema nikitegemea acheke. Hakucheka. Alivuta kikokotoo.

Tuache hayo, twende kwenye fedha, maana huko nako sikusalimika. Mwombaji wa njia hii ambaye hana kazi tayari kule lazima aonyeshe pesa za kuanzia maisha. Kwa familia ya watu wanne, kwa viwango vya mwaka 2025, ni zaidi ya dola 28,000 za Kanada, ambazo kwetu ni karibu milioni hamsini. Zisiwe za mkopo, na benki iandike barua kuonyesha wastani wa salio kwa miezi sita. Nikaorodhesha kwa fahari: kiwanja Moshono, kihamba chenye migomba na kahawa, ng'ombe wawili wa maziwa, mmoja ana mimba. Havihesabiki. Hata mimba haihesabiki. Wao wanataka pesa iliyolala benki nusu mwaka bila kuguswa. Nani Arusha amewahi kuona pesa ikilala miezi sita? Kamati ya harusi inanusa salio kutoka Usa River. Ikikosa harusi kuna msiba, ikikosa msiba kuna ada, na ikikosa yote hayo kuna mjomba.

Na hapo sijataja ada ya maombi yenyewe, ambayo mwaka 2024 ilipanda hadi dola 1,525 za Kanada kwa mtu mzima ukijumlisha ya haki ya ukaazi, na 260 kwa kila mtoto. Kuna vipimo kwa daktari wanayemtambua wao, kuna cheti cha polisi cha tabia njema, kuna alama za vidole zinazokupeleka Dar es Salaam ukiwa na vidole vilevile ulivyokuwa navyo Arusha. Na mama Neema akishamaliza yote, bado hajavaa sare. Ukaazi ni wa serikali kuu, leseni ya uuguzi ni ya jimbo. Vyeti vinatathminiwa upya, kisha sehemu kubwa ya nchi ile inataka NCLEX-RN, mtihani walioazima kwa Wamarekani tangu 2015. Wanamwita kwa sababu ni muuguzi, akifika wanamuuliza kama ni muuguzi.

Wakati huohuo mimi naendelea na kazi. Mgeni wa Toronto anashuka KIA, analipa dola 50 za Marekani za viza, anapigwa mhuri, jioni yuko hotelini anashangaa mlima. Hakuna aliyemwambia aandike barua kwa Kiswahili kumlalamikia mwenye nyumba kuhusu bomba la maji. Hakuna aliyemuuliza mkewe anamshusha pointi ngapi. Kesho yake tukiwa Momella ananiuliza kama nimewahi kufika Kanada, namwambia niko njiani, naye anaingiza mkono begini ananipa kijibendera.

Kuna mmoja, bibi mwenye asili ya Poland, aliomba nimpeleke Tengeru, makaburini. Wengi wa wasomaji wangu mnapita barabara ya Moshi kila siku bila kujua yaliyopo pale ndani. Mwaka 1942 Wapolandi karibu 5,000, wengi wao wanawake na watoto, waliletwa Tengeru baada ya kupelekwa uhamishoni Siberia na kupitia Iran. Wakajengewa vibanda vya duara chini ya Meru, wakawa na shule, kanisa na hospitali. Waliokufa wako hapo hadi leo, makaburi yamepangwa vizuri na majina yanasomeka. Bibi yule alisimama kwenye moja muda mrefu, nami nikafanya kazi ambayo haipo kwenye silabasi ya chuo chochote, kazi ya kunyamaza.

Mwaka 1949 yatima wao zaidi ya mia moja walitolewa pale Tengeru wakapelekwa Kanada. Siwaonei wivu. Mtoto aliyeanzia safari Siberia alishalipa nauli ya kutosha. Ila nilipokuwa narudi mjini nilijiuliza: njia ya kutoka Tengeru kwenda Kanada ilifunguka kabla baba yangu hajaota meno, na kwenye fomu nzima hakuna mahali pa kuliandika hilo. Kaka au dada anayeishi kule anakupa pointi 15. Watu waliokuwa wakinunua ndizi kwa bibi yako hawana mstari wao.

Ikabidi twende Poli kwa baba mkwe kuomba baraka. Mzee alitusikiliza akiwa na fimbo katikati ya magoti. Kwa wazee wa Kimeru, safari yoyote ya ng'ambo lazima ipitie kwa Kirilo Japhet, na mzee hakutuangusha.

"Kirilo alikwenda," akaanza.

Tukatulia, maana hilo halikatizwi. Mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwafukuza Wameru Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi, ng'ombe wakaswagwa, nyumba zikachomwa. Watu wakachangishana, na mwaka 1952 Kirilo akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa New York kudai ardhi ya watu wake. Mzee anaisimulia kama aliyembebea begi.

"Yule alikwenda kudai shamba," akamalizia. "Ninyi mnakwenda kudai nini?"

"Kazi, baba," akasema mama Neema.

"Na shamba mnamwachia nani?"

Kimya. Mzee akanielekezea fimbo. "Na huyu, naye anakwenda?"

"Bado tunapiga hesabu, baba."

Hesabu zenyewe zimefika hapa. Ukijumlisha pointi zote za mama Neema na zile zangu za jasho, tuna 322. Agosti 2025 watu wa afya walichorewa mstari kwenye 470. Mimi nikadhani tumemaliza, nikaanza kumtafutia kijibendera mwenyewe mpya. Lakini muuguzi hakubali mgonjwa afe kwa sababu ya hesabu. Akachimba, akagundua Kanada wana mistari mingine kwa wanaojua Kifaransa, na Machi 2025 mmoja wa mistari hiyo ulishuka hadi 379. Mwenye Kifaransa cha kiwango wanachokitaka anaongezewa 50, na kama lugha ya pili anapata nyingine 12. Mia tatu ishirini na mbili na sitini na mbili: 384.

Nilisimama kwenye kochi. Ondoa zile 19 zangu kwenye 384, inabaki 365, mstari unampita juu. Kwa hiyo wakili, gundi, sita nne, vyote vilikuwa na maana! Bila karatasi zangu haendi mtu! Nilikuwa nampigia shemeji simu nimweleze, naye kwa sauti ileile ya loshoro akasema, "Au ubaki. Ukibaki ni 384 vilevile."

Nikakata.

Basi nyumba yetu sasa ni ya Kifaransa. Friji letu, ambalo halijawahi kuonyeshwa kwa mtu yeyote, limebandikwa vitenzi mpaka mpini hauonekani. Mama Neema anatoka zamu anakwenda darasani, anatoka darasani anakuja kunisalimia maneno ambayo sijui kama ni salamu au ananisema. Neema ameshajua kuhesabu hadi ishirini na ananihesabia kwa sauti, akifika kumi na tisa ananitazama. Mimi nimepewa kazi ya kumshikia mama yake karatasi wakati anakariri, na nikimsahihisha ananiambia nimeishika juu chini.

Na ana haraka, kwa sababu mfumo ule una jambo moja ambalo hata mama mkwe hajalifikia kwa ukali: kuanzia miaka 36, kila siku ya kuzaliwa inamnyang'anya pointi 5 mpaka afike 40, baada ya hapo kumi kumi. Mama Neema akitimiza 37 tuna 379, ukucha kwenye mstari wa Machi ile, na mistari yenyewe haikai mahali pamoja. Akitimiza 38 tumezama.

Mimi sikulifikiria hilo. Nilijua tu kwamba siku inakaribia, nikaona nimfurahishe. Niliagiza ndafu kwa kijana mmoja wa Kwa Mrefu, nikawaita shemeji, wifi zake, wenzake wa wodini, nikanunua na mishumaa ya tarakimu, tatu na saba. Mama Neema akaikuta mezani. Akaichukua ile saba, akaigeuza mara mbili.

"Baba Neema, hiki unachosherehekea ni nini hasa?"

Sherehe imefutwa. Mbuzi nilikuwa nimeshamlipia, na yule kijana harudishi pesa, kwa hiyo ndafu imekwenda kwa kamati ya harusi ya jirani, ambao waliipokea kwa shangwe na kuniandika kwenye daftari kwamba bado wananidai elfu hamsini.